Maiki ya Tatu Ilikuwa ya Venansia

Vijana wa maiki na kompyuta, leo katika gazeti hili sina moyo wa kumpa mtu. Anayetaka kutiwa moyo aende kwa wahubiri. Wako wengi hapa Kigali na maiki zao zina mwangwi wa kutosha. Mimi nimestaafu, naishi ghorofani Busanza, na kazi ya kunasa sauti imenionyesha jambo ambalo afadhali nisingelijua. Lakini mmezidi kunigongea mlango. Kila mara anakuja mmoja na kisanduku kipya mkononi, hicho mnachokiita kadi ya sauti, ananiuliza: "Muzee, hii iko na matundu mane. Nitayatumia namuna gani?"

Basi nitawaeleza. Na mengine nitayaeleza humo humo, maana siku hizi siwezi kuyatenganisha.

Alikuja kijana mmoja wa kwaya, mpole, amevaa vizuri, amebeba kompyuta kama aliyebeba yai. Alikuwa amewanasa waimbaji wanne, kila mmoja na maiki yake. Kwenye kioo mistari minne ilicheza, naye akafurahi, akawaambia wenzake waende nyumbani. Aliporudi kusikiliza, traki zote nne zilikuwa na sauti ya mtu mmoja tu, yule mnene wa besi, na wengine wakisikika kwa mbali nyuma yake. Nikamwuliza, "Kila traki uliiambia isikilize tundu lipi?" Akasema hakujua kwamba traki huambiwa. Programu nyingi, ukiongeza traki mpya, huipa tundu la kwanza. Usipobadilisha mwenyewe, traki zako zote zitasikiliza mlango mmoja. Traki ya kwanza tundu la kwanza, ya pili la pili, mpaka mwisho. Halafu gonga kila maiki kwa kidole, moja moja, uone mstari upi unaruka. Ukigonga ya pili ikaruka ya kwanza, simama hapo hapo. Kijana yule alinishukuru sana, akaenda kuwaita tena wale waimbaji. Yule wa besi, nasikia, alikuwa ameipenda ile ya kwanza.

Mimi sikuanza na matundu manne. Nilianza na maiki moja, ya Mzee Saidi wa Nyamirambo, fundi cherehani aliyekuwa akinasa harusi na kwaya kwa kanda siku ambazo hakuna suti za kushona. Nilipotoka Tanzania, kule Karagwe nilikokulia, yeye ndiye aliyenipokea, kwa sababu nilijua Kiswahili chake na nilikuwa tayari kubeba betri. Saidi alichora chaki sakafuni. Sauti nyembamba mbele, sauti nzito nyuma, na mzee mmoja mwenye koo la tarumbeta akamsimamisha mlangoni kabisa, uso umeelekea barabarani. Yule mzee alikasirika. Saidi akamwambia, "Baba, wewe Mungu anakusikia hata ukiwa Gitarama. Mimi nina maiki moja." Hivyo ndivyo tulivyosawazisha: kwa miguu ya watu. Ukishanasa, umenasa. Sauti zimeshikamana kama ugali na maji, hakuna anayezitenganisha tena.

Niliona hiyo ni dhiki. Nikaota siku nitakayoweza kumchukua kila mwimbaji peke yake, nimpandishe, nimshushe, nimsafishe. Ndoto ilitimia. Nilifungua studio yangu bondeni Kimisagara, vyumba viwili vyenye kioo katikati, nyuma ya mafundi seremala, na mke wangu Venansia akawa ndiye anayebonyeza kitufe cha kuanza mimi nikiwa chumba cha pili na waimbaji. Alijua vitufe vyote. Alijua S ni ya kusikiliza traki moja peke yake, na M ni ya kuinyamazisha. Miaka mingi tulifanya hivyo, yeye akiwa na sauti ya juu kanisani na kidole cha haraka studio. Maseremala wakiwasha msumeno, ndiye aliyekwenda kuwabembeleza. Tulipohamia Busanza nikauza karibu kila kitu, nikabaki na kompyuta, maiki tatu na kadi moja ya matundu manne.

Mwaka jana koo la Venansia lilianza kukwaruza. Tulidhani mafua, tukadhani vumbi, tukanywa tangawizi mpaka nyumba ikanuka soko. Daktari alisema ni uvimbe mbaya, na kwamba watakata, na watakapokata sauti haitabaki. Alisema polepole, kwa Kinyarwanda kizuri, halafu akarudia kwa Kifaransa, kama vile kwa Kifaransa ingekuwa nafuu. Binti yetu Keza alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza. Akalia, kisha akasema jambo moja tu: "Baba, mnase mama. Mnase ule wimbo wa kulaza mtoto. Nataka mwanangu amsikie bibi yake."

Huo ni wimbo wa mama mkwe wangu, marehemu. Aliwaimbia binti zake watatu kule Karagwe, nao wakakua wakiuimba kwa sauti tatu: Domitila, mkubwa, anaongoza, Spesi, wa kati, yuko chini, Venansia, kitinda mimba, yuko juu, juu kabisa, mahali ambapo ukisikiliza unashika kiti. Ni kwa sauti hiyo nilimwoa. Sioni haya kusema.

Nikawaita mashemeji zangu. Venansia akasema kwa mkwaruzo wake, "Kusema ndiko kunakoniuma. Kuimba hakuniumi." Wiki nzima hakusema neno, anaandika kwenye simu, eti anaiweka sauti akiba. Nami niliamini. Nimewahi kuona mwenye kigugumizi akiimba bila kukwama, kwa hiyo nikajiambia koo la kuimba ni jingine. Mtu akitaka kuamini hakosi sababu.

Sasa sikilizeni ya kazi. Sebule ya ghorofa ni mbaya kwa sauti, kuta tupu, sakafu tupu, kila kitu kinarudi. Nilitundika mablanketi dirishani na godoro mlangoni. Mama Kevin, jirani wa ng'ambo, akachungulia: "Muzee, muko munahama? Ama iko mugonjwa?" Nikamwambia tunanasa wimbo, asiwashe mashine ya kusaga mpaka nimwite. Akasema, "Ntakibazo," haina shida, akaenda hata kuwafukuza watoto ngazini. Mtu mwema. Msisahau majirani; hakuna kitufe cha kuwaondoa baadaye.

Waimbaji wa namna ile hawaimbi mmoja mmoja. Ukimweka kila mtu peke yake na hedifoni, utapata noti sahihi na wimbo uliokufa. Lazima waonane, mmoja avute pumzi wengine wavute. Nikawaweka pembetatu, wakitazamana. Maiki zangu zinasikia mbele na ni viziwi nyuma, kwa hiyo mgongo wa kila maiki niliuelekeza kwa wale wengine wawili. Mdomo mpaka maiki, shubiri moja. Maiki mpaka maiki, zaidi ya mara tatu ya hapo. Ukifuata hivyo sauti ya jirani itavuja kidogo tu. Ukiwabana pamoja kwa sababu ya kebo fupi, kila maiki itasikia kila mtu na matundu yako manne yatakuwa kazi ya bure. Nunua kebo ndefu.

Tundu la kwanza nikampa Domitila, ni mkubwa, na kwetu mkubwa hapewi la tatu. La pili Spesi. La tatu Venansia. La nne gitaa langu, nikabonyeza kitufe cha ala, maana gitaa ukiliingiza kwenye tundu lililowekewa maiki litalia kama lina njaa. Maiki ya Venansia ndiyo nzuri kuliko zote, ile inayotaka umeme wa kadi, yale maandishi ya volti arobaini na nane. Chomeka kwanza, spika zikiwa zimezimwa, ndipo uwashe umeme. Kisha geni, kiwango cha sauti inayoingia: mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza zaidi, si pale anaposema "alo, alo". Pandisha mpaka taa ya kijani, ukiona nyekundu rudi. Acha nafasi. Mtu akiimba kwa kweli hupaza kuliko alivyopaza kwenye majaribio.

Domitila akajaribu, sawa. Spesi akajaribu, sawa. Venansia akanionyesha kwa mkono: niache, sipotezi sauti kwa majaribio. Nikamwekea geni kwa kukisia, kwa jinsi nilivyomjua. Si nilimjua?

Spesi akasema, "Muramu," ndivyo anavyoniita, shemeji, "leo piga zile nyuzi nene zaidi. Tumezeeka, tunahitaji kitu cha kutushika chini."

"Chini si uko wewe?"

"Nina kifua leo. Wewe piga tu."

Nikapiga. Nilikuwa na hedifoni, jicho moja likichunga taa nyekundu tu, jingine kwenye vidole, umri huu vidole havijui tena njia vyenyewe. Waliimba. Niliona mdomo wa Venansia, niliona shingo yake ikikaza, niliona akifumba macho pale pa juu kabisa, na pale pa juu sauti ilifika. Ilifika, nawaambia. Nyembamba zaidi, yenye mchanga kidogo, lakini ilifika. Nilimshukuru Mungu na vidole vikakosea, wala sikusimamisha. Walirudia mara ya pili, halafu Venansia akaweka mkono kifuani, imetosha. Domitila alikwenda jikoni akafungua maji ya bomba akayaacha yatiririke. Nilidhani anaosha vikombe.

Kesho yake tukampeleka hospitali. Wakati yuko ndani kwenye chumba cha upasuaji nilirudi nyumbani, kwa sababu kukaa kwenye benchi kulinishinda, na ilikuwa saa za mchana na jua linachoma. Nikafungua kompyuta. Nilitaka kumsikia. Nikasema nianze na yeye peke yake. Nikabonyeza S kwenye traki ya tatu.

Kulikuwa na pumzi.

Nikapandisha. Kulikuwa na pumzi, midomo ikigusana, mate yakimezwa, na dada zake wakivuja kwa mbali kama watu walio chumba kingine. Nikadhani kebo. Nikadhani umeme wa maiki haukuwaka. Lakini maiki mbovu hainasi pumzi safi namna ile. Kila pumzi ilikuwa mahali pake. Alivuta pale panapotakiwa, akashika, akaachia, mstari kwa mstari, na ndani ya pumzi hamna kitu. Pale pa juu kabisa kulitoka mlio mdogo, kama wa mlango usiotiwa mafuta, halafu akaukata. Akameza mate. Akaendelea.

Nikabonyeza S ya traki ya pili. Spesi alikuwa ameiacha nafasi yake ya chini na kupanda juu. Aliimba sehemu ya Venansia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa namna ya Venansia, hata ule mkunjo wake wa mwisho wa mstari. Chini palikuwa na nyuzi zangu nene.

Wanangu, nilikaa. Miaka yote niliyolilia matundu mengi, na hiki ndicho matundu mengi yalichonipa. Kwa maiki moja ya Saidi nisingejua kamwe. Ningekuwa na wimbo na ningekuwa na mke anayeimba ndani yake, mpaka nife. Sasa nilikuwa na mahali sahihi kabisa ambapo hayupo.

Nilimpigia Spesi simu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa haina pa kwenda.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Akasema: "Tangu Pasaka. Hata kanisani. Domitila kulia, mimi kushoto, yeye katikati."

"Na mimi mnaniimbia uongo nyumbani kwangu?"

"Si uongo, muramu. Mama alipokwisha pumzi tulimfunika hivyo hivyo, na yeye alimfunika dada yake. Mtu haondoki kwenye nafasi yake. Aliye karibu ndiye anayeichukua sehemu yake, na hakuna anayesema. Usimwone mtu wetu akiimba karibu na mwenziwe ukadhani ni mazoea tu."

"Mngeniambia."

"Alituomba. Alisema, 'Baba Keza atakuja kujua, lakini asijue kabla sijaingia hospitali. Akijua ataingia na mimi.'" Kisha akaanza kulia, na mimi sikuweza kumwambia ihangane, neno letu la kupoza msiba, kwa sababu lilikuwa langu, mimi ndiye niliyelihitaji.

Wanyarwanda tuna msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Sijui ya wanawake wa ukoo ule hutiririkia wapi.

Mtaniuliza kama nilijaribu kuisafisha ile traki. Nilijaribu. Kuna vijana hapa mjini wenye programu zinazotengeneza kila kitu, mmoja alikuja, mwerevu, mstaarabu, akasikiliza, akasema, "Muzee, tukipata sauti yake ya zamani kompyuta inaweza kuiga." Za zamani ninazo, kanda za kwaya, yeye katikati ya watu arobaini kwenye maiki moja, amechanganyika. Studio nzima nilikuwa nayo na sikuwahi kumweka mke wangu peke yake mbele ya maiki. Alikuwa upande wa pili wa kioo, anabonyeza. Yule kijana alipoelewa alifunga mkoba wake taratibu, akakataa hata soda.

Venansia alirudi na kitambaa shingoni, anapumulia tundu lililo chini ya koo. Nilimficha ule wimbo, nikisema bado nautengeneza. Asubuhi moja baada ya chai alikwenda mwenyewe kukaa mbele ya kompyuta. Nikamwambia, "Buretse," subiri kidogo, nikiwa na sababu chungu nzima mdomoni. Hakusubiri. Alicheza wimbo wote mara moja, uso hauna kitu. Kisha akarudisha mwanzo, akashika kipanya, akaenda kwenye traki ya tatu, akabonyeza M.

Wimbo haukubadilika. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza kazi za wateja Kimisagara. Hata ile pumzi haikuonekana kupungua. Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua simu, akaandika: Mpe Keza hii.

Nikamwambia, "Hii si wewe."

Akaandika: Ni sisi.

Nikamwambia mtoto ana haki ya kujua. Akaiweka simu mezani. Mimi nikajua kwamba nafasi yangu kushoto kwake nilikuwa nimeshapewa, na kwamba zamu ya kufunika imenifikia.

Kwa hiyo nimefunika. Na ninyi mnaosoma, Keza hasomi Kiswahili cha magazetini, amesoma Kiingereza; niachieni jambo hili. Sijui kama nimefanya vyema. Wapo watakaosema ni upendo. Mimi naliona giza tu: nilipewa siku moja ya kumhifadhi mtu, nikafanya kila kitu sawa, kebo ndefu, geni sawa, kila traki na tundu lake, na bado nilichelewa. Hakuna mnachoweza kujifunza hapo isipokuwa kama mmoja wenu ana mama, au mke, anayebonyeza vitufe kila siku pembeni yake. Mweke mbele ya maiki wiki hii. Mpe tundu la kwanza, hata kama si mkubwa. Mwache aseme habari za soko.

Mjukuu amezaliwa, msichana. Keza humleta Jumapili. Mtoto akianza kusinzia, Keza huweka simu juu ya meza na kumfungulia wimbo, anamwambia, "Umva, sikia bibi anakuimbia." Venansia anakuwa amemlaza mapajani. Spesi anaimba kwenye simu, na Venansia anafungua mdomo, anafuata neno kwa neno, hakosei hata mahali pa kuvuta pumzi ingawa pumzi haipiti tena hapo. Mtoto humkazia macho mdomoni mpaka usingizi umchukue. Keza hunigeukia akitabasamu, nami humwambia ndiyo, mama yako alikuwa na sauti nzuri siku ile.